Insha ya Achieng

Alhamisi, Kendu Bay. Joto, na mawingu yasiyo na nia ya kunyesha.

Kwa miaka saba nimeficha jina la mtu aliyeiweka insha ya Achieng kwenye Facebook. Daktari wa Homa Bay ameacha kuniandikia dawa mpya, kwa hiyo leo naandika.

Nilikuwa mwalimu mkuu. Sisi walimu wa huku, hadi Migori, tulikuwa na ukurasa wetu wa vichekesho: tulipiga picha makosa ya wanafunzi, tukayaweka pale tucheke. Wengi tulitumia majina ya uongo. Tulikuwa na desturi moja tu ya heshima: unakunja karatasi juu, jina la mtoto lisionekane.

Insha ya Achieng haikukunjwa.

Alikuwa darasa la saba. Alieleza jinsi mamake alivyompiga babake, mzee akalala jikoni na kuku. Kufika siku ya soko, wanaume walikuwa wakimwuliza babake, "Omera, kuku wamelalaje?"

Achieng hakurudi shuleni. Nasikia yuko Macalder, anaosha mchanga akitafuta dhahabu.

Insha ilikuwa na masahihisho ya kalamu nyekundu ya Mwalimu Atieno, basi wazazi wakamkamata yeye. Alikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, hana wa kumtetea.

"Simu yangu ni mulika mwizi," aliwaambia mkutanoni. "Itapigaje picha?"

"Simu huazimwa, madam," mjumbe mmoja akamjibu. Wakacheka.

Akanigeukia. "Mwalimu mkuu, si wewe unanijua?"

Nilitazama karatasi zangu.

Barua ya kumfuta kazi niliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili kisicho na doa. Kisha nikapiga marufuku simu katika chumba cha walimu. Wazazi wakanishangilia eti nalinda watoto wao.

Jana Atieno alikuja kunijulia hali. Siku hizi anauza dagaa wa omena sokoni Sindo. Alinishika mkono, akaniita baba, akaniombea kwa muda mrefu. Nilisema amina.

Amina! Kinywa hiki.

Picha niliipiga mimi, mezani pake, alipotoka kwenda kunawa chaki. Jina la mtoto nililiona. Sikusahau kukunja karatasi. Babake nilisoma naye, na bila jina isingechekesha.