Nilisema Siyajui Maua Yale

Kibaigwa, 3 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Kifua kinaendeleaje? Nakuuliza kwa barua kwa kuwa najua simu umeshaiacha, masikio hayaitaki. Sisi tupo. Mahindi yanaingia sokoni mpaka malori yanakosa pa kugeuzia, na sauti imenikauka kwa kubishana na madalali.

Nina shida ya Jenifa. Ametimiza miaka kumi na minne, na siku zake zikifika anajikunja kitandani, hata shule haendi. Jirani yangu Zaitun anasema nimchemshie maua mekundu ya choya na tangawizi. Ananicheka: "Mama Jenifa, unaogopa choya kama vile ni petroli!" Hajui. Sijamsimulia mtu huku kwamba nilifukuzwa shule kwa ajili ya kikombe cha choya, wala kwamba mama yangu mzazi ndiye aliyechanganya kitu humo.

Wewe ni muuguzi, na ulikuwepo. Nimpe, nisimpe? Ukisema hapana, sitampa.

Mwanao,
Hana

Mvumi, 9 Juni 2024

Hana mwanangu,

Marahaba sana. Kifua kinabana, miguu imevimba, na daktari haniambii tena habari za mwezi ujao. Lakini bado naona na mkono unaandika. Nashukuru kwa hayo mawili.

Jibu lako kwanza, maana mtoto anaumwa. Mpe. Kiganja kimoja cha maua makavu, maji yaliyochemka, tangawizi kidogo. Yakipoa kiasi anywe. Umwekee na chupa ya maji ya moto tumboni. Si muujiza: wengine yanawatuliza, wengine hayawasaidii. Akiendelea kujikunja, au damu ikizidi, mpeleke hospitali, usingoje.

Sasa lile lingine. Mama yako hakuchanganya kitu.

Mwaka 2001 nilikuwa matroni wa bweni lenu, katika shule ile ambayo siku hizi haipo. Mkuu wa shule aliona maji mekundu kwenye chupa yako ya chai, akasema ni dawa ya kutoa mimba. Kipimo kilipoonyesha huna mimba, wakasema basi imeshatoka. Akaniita, akamwaga mezani maua uliyopewa na mama yako: "Sista Evodia, hivi ni vitu gani?"

Hana, mimi nimezaliwa Ugogoni. Choya tuliipanda kando ya shamba la uwele. Mama alinichemshia maua hayo tangu nilipovunja ungo. Kabatini mwangu yalikuwemo siku hiyohiyo, nikiyanywa mlango umefungwa. Nikajibu, "Siyajui."

Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kwenda masomoni Dar es Salaam. Niliona aibu, mbele ya mkuu na walimu wale wasomi, kuonekana mtu wa dawa za kienyeji. Nilidhani watakupa adhabu ya kufyeka nyasi. Wakakufukuza, wiki tano kabla ya mtihani.

Mama yako alikuja. Alichemsha mengine, akanywa kikombe kizima mbele ya mkuu wa shule, kisha akanigeukia: "Wifi, sema basi." Nikatazama dirishani. Wewe uliponiuliza, ukilia, nikakuambia huenda mama yako alichanganya na kitu asichokijua. Ukamwamini muuguzi, ukamwacha mama.

Miaka ishirini na mitatu. Na mume wangu alipofariki, mwanamke huyo alikuja akatupikia matanga yote, hakulitaja neno hilo hata mara moja. Namshukuru, wala sijawahi kumwambia. Nakushukuru na wewe kwa kuuliza. Usingeuliza, ningezikwa nalo.

Msamaha wangu unaweza kungoja. Nenda Ihumwa kwa mama yako.

Shangazi yako,
Evodia

Mvumi, 21 Julai 2024

Hana mwanangu,

Hamjambo huko? Wiki sita sijapata neno, na kondakta wa basi niliyempa barua ameapa kwamba alikukabidhi mkononi. Sidai jibu. Nataka tu kujua Jenifa anaendeleaje. Kama umenikasirikia, una haki, ila usimcheleweshe mama yako kwa hasira ambayo ni yangu.

Uvumilie mwandiko. Mkono umeanza kutetemeka.

Shangazi

Ihumwa, 4 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara nne. Barua yako niliichana, kisha nikaibandika kwa gundi ya Jenifa. Yeye anaendelea vizuri. Mwezi uliopita alikosa shule siku moja tu.

Jana tumekuja huku. Mama alikuwa uani anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Nani kafa?" Maana hanioni ila kwenye misiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikapiga magoti, nikamsomea barua yako kwa sauti, kwa kuwa macho yake yana mtoto wa jicho. Nilipofika pale uliposema ulitazama dirishani, akanizuia.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mwongo. Alitazama viatu vyake."

Akacheka, Shangazi, akacheka mpaka uwele ukamwagika wote. Halafu akalia. Nami nikalia. Jenifa akaja mbio akidhani tunapigana. Mama akamshika kichwa, akampapasa uso mzima, akaniuliza, "Hiki kipaji cha uso si cha baba yako?" Mtoto ana miaka kumi na minne, na bibi yake alikuwa hajawahi kumgusa.

Leo asubuhi ameniuliza unaishi na nani. Nikamwambia kuna binti wa jirani anayekuja kukupikia. Akaingia ndani, akatoka na begi lenye kanga zake. Anasema mna mazungumzo yenu ambayo barua haiyawezi. Tunakuja Alhamisi.

Sitakudanganya, bado nina hasira, na nitakuja nayo. Lakini ahsante kwa kuniandikia ungali hai. Ningemzika mama yangu nikiwa simjui.

Nimemwuliza ana salamu gani nikuandikie. Amesema, "Mwambie wifi asithubutu kufa kabla ya Alhamisi."

Mwanao,
Hana