Kisu cha Mama Hakikuwa na Alama

Otonglo,
Kisumu.
Jumatatu, 9 Septemba 2024.

Mpendwa Lornah,

Hujambo, nyamera, dada yangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leeds, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Baba anakohoa asubuhi, lakini akishakunywa chai anapata nguvu za kutugombeza wote, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Ziwa limejaa magugu tena na samaki wetu ngege wamekuwa adimu.

Najua unashangaa kwa nini sikukujibu kwa simu. Kwenye simu ungenikatiza. Karatasi haina mtu wa kuikatiza.

Picha yako niliipata. Uliandika kwa utani kwamba mimi ndiye daktari wa visu, nikuambie hiki kinanolewaje, maana siku hizi hakikati hata nyanya. Nilikuwa nimesimama jikoni nikitazama simu, nikakaa chini. Mpini uliofungwa waya wa shaba. Ncha iliyovunjika siku mwanangu Byron alipofungulia mkebe. Kisu cha Mama, Lornah, kiko kwenye meza yako.

Swali lako nitalijibu kwanza, kwa kuwa uliuliza. Umekuwa ukikitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, naona mpini ulivyopauka. Acha. Kile kilitengenezwa na fundi wa soko la Kibuye kwa springi ya lori, si chuma cha kung'aa. Kioshe kwa mkono na ukikaushe hapo hapo, la sivyo kutu itakila. Tena usikatie juu ya sahani. Tafuta ubao.

Kunoa, nunua jiwe, achana na vile vidude vya kuvuta mara mbili. Loweka jiwe kwenye maji. Kisu cha Mama kina makali upande mmoja tu, ndiyo maana kilikuwa kinateleza juu ya mifupa ya samaki bila kuacha nyama. Upande huo ulaze kwenye jiwe, mgongo uinuke kiasi cha kalamu kupita chini yake, usukume taratibu kutoka kwenye mpini hadi ncha. Ukisikia kwa kidole vinyweleo vya chuma upande wa pili, geuza, kilaze bapa kabisa, upitishe mara moja. Kijaribu kwa nyanya, sio kwa kidole chako.

Unauliza pia kama ununue kingine. Nunua. Chagua ambacho chuma chake kinaingia mpaka mwisho wa mpini, na kikae mkononi bila kukuvuta mbele. Kimoja kizuri kinatosha. Lakini ungenunua kabla ya kuchukua cha watu.

Sasa nisikilize. Unakumbuka matanga ya Mama, aliyeshika jiko siku zote tano ni Maryanne, jirani yetu. Visu vya kuazima vilikuwa vingi, na yeye ndiye aliyevitia alama kwa rangi ya kucha ili kila kimoja kirudi kwa mwenyewe: vyetu nyekundu, vyake nyeupe. Cha Mama peke yake hakukitia alama. Alisema kisu cha mwenye boma hakina haja, nani asiyekijua?

Tulizika Jumamosi. Jumanne ukapanda ndege. Jioni hiyo nikatafuta kisu nimpikie Baba, sikukiona. Nikageuza jiko lote. Kisha nikafikiri, na Mungu anisamehe nilivyofikiri: mbona hicho tu ndicho hakikutiwa alama?

Asubuhi nilimfuata Maryanne mpaka kwenye meza yake ya samaki hapa sokoni. Wanawake walikuwa wamejaa. Nikachukua beseni lake nikalimwaga chini, samaki, visu, kila kitu, nikapekua. Yeye aliinama akaokota samaki mmoja mmoja akiwaosha mchanga. Mwaka mmoja na miezi mitano hajakanyaga kwangu. Kuna wateja waliomkimbia. Kuna matanga mawili ambayo hawakumwita jikoni, na unajua hapa kwetu hiyo ina maana gani. Watu husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sisi tulikosa kisu tukalana wenyewe.

Unasema ulikichukua kama ukumbusho na ulidhani najua. Ningejuaje? Ulikifunga ndani ya kanga, ukakisukuma chini ya sanduku, na mimi nikiwa chumba cha pili nakufungia omena, dagaa wako wa safari. Ungeniomba ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Ijumaa nilikwenda kwa Maryanne na simu yangu. Nikamwonyesha picha, nikalia, nikaomba radhi. Aliitazama sana. Kisha akasema, "Min Byron, nimesikia. Lakini siku ile ulinimwagia samaki watu walikuwa wengi. Sasa hii maneno mbona unaniletea nikiwa peke yangu?"

Jana baada ya ibada nikasimama mbele ya akina mama wote, nikasema nilimsingizia Maryanne na kwamba mikono yake ni safi. Mmoja akauliza, "Sasa hiyo kisu ilikuwa wapi?" Jina lako lilikuwa mdomoni, Lornah. Nilikuwa na haki ya kulitema. Nikasema kilikuwa ndani ya nyumba yetu, nasi tukashuku watu wengine. Wakadhani nilikificha mimi. Acha wadhani.

Usikirudishe. Sitaki tena kukiona jikoni mwangu. Kinoe, ukitumie, na kila kikikata vizuri umkumbuke aliyelipa.

Baba anakusalimu, anauliza kama Krismasi utakuja. Sijamwambia lolote, na nakuomba usimwambie. Byron anakusalimu, amekuwa mrefu kuliko mlango wa jiko. Shangazi Kageha anasema umwombee macho. Leo asubuhi nilipita sokoni nikamwambia Maryanne nakuandikia, nikamwuliza kama ana salamu. Alikuwa anaparua magamba. Aliendelea kuparua. Nikasimama pale mpaka akamaliza samaki wote watatu, akawafunga, akanipa. Salamu zako hakunipa.

Mungu akulinde huko ugenini, na akupe moyo wa kumwandikia yeye mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Beldina.