Mzizi wa Chuma, Mzizi wa Kauri

3 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko ugenini? Unakula vizuri? Mimi mzima, ila jino langu la mbele limevunjika. Tarumbeta bila jino la mbele ni upepo mtupu. Jana mazoezini nilitoa sauti ya birika, mpiga ngoma akacheka hadi akakaa chini.

Daktari atanipandikizia mzizi mpya kwenye taya. Upo wa chuma, wanauita titani, na upo wa kauri, mweupe pee. Nataka kauri. Chuma mdomoni cha nini? Wewe fundi wa meno, wasemaje? Nitapuliza tena, hilo halina mjadala.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Pole sana. Mimi sijambo, ni baridi tu. Kauri ni nzuri, sikatai. Haionyeshi kivuli kwenye fizi, na fizi yenyewe inaipenda. Lakini mara nyingi huwa kipande kimoja, kichwa chake kinabaki nje wakati mfupa unaushika mzizi. Ukiisukuma kwa tarumbeta kabla haijashika, inalegea. Titani inazikwa, fizi inashonwa juu yake, haiguswi na kitu.

Nawe nakujua, Mama. Miezi bila kupuliza hutaiweza. Chukua chuma.

Mwanao

6 Machi

Marahaba mwanangu,

Afya ninayo, na hasira ninazo. Ati sitaweza! Nimewalea watoto watatu peke yangu, nishindwe kunyamaza? Kauri imeshawekwa. Inapendeza kweli.

Mama yako

30 Aprili

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Haya, nicheke. Wenzangu wa bendi walikuwa na wimbo mpya, nikasema nipulize kidogo tu, midomo isisahau kazi. Kidogo ikawa wimbo mzima. Kauri ililegea, wameitoa. Daktari anasema mfupa umepungua, imebaki nafasi moja tu ya kujaribu tena. Nimelia, sikufichi.

Mfupa ukipona, itaingia titani, na safari hii sipulizi hata kidogo hadi ishike. Ndani ya kifurushi hiki kuna kile kipande cha tarumbeta ninachowekea midomo. Kaa nacho. Usinirudishie hata nikikuomba kwa machozi.

Mama

2 Oktoba

Mwanangu mpenzi, mwanangu mzuri,

U hali gani? Titani iko ndani, fizi imefunga vizuri. Kitume kile kipande. Nitakitazama tu.

Mama

15 Oktoba

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Sikitumi.

Mwanao

29 Oktoba

Marahaba, we mtoto mwenye roho ngumu!

Sijui umeitoa wapi. Kiongozi wa bendi alitaka kuniazima kipande chake. Nimemwambia akija nacho kwangu, mlango haufunguliwi. Nimeshaapa.

Mama

11 Februari

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Leo kaa chini usome. Mfupa umeshika! Daktari amegonga, ametikisa, wapi. Jino limefungwa juu na ameniruhusu kupuliza. Kwenye fizi kuna kivuli kidogo, na kikae. Sasa tuma kile kipande, tafadhali. Bendi inanisubiri.

Mama

22 Februari

Shikamoo Mama,

Nimepiga kelele kazini hadi bosi akatoka ofisini.

Posta sikipeleki. Nimeomba likizo, nakileta mwenyewe Jumamosi. Kaa tayari, tarumbeta mkononi. Ukikosea nitakucheka, lakini usinitazame usoni, maana nitakuwa nalia.

Mwanao