Uzi Huu Haupigwi Pasi

Karatu, Jumapili baada ya misa

Mwanangu Neema,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata hujaifungua barua. Hamjambo wote huko Digodigo? Kifua cha mdogo wako Petro kimepona? Mnampa maji ya moto, au mmeanza tena kumwachia akacheze mferejini? Mimi mzima wa mwili. Nimeandika kwa sababu kwenye simu shangazi yako hukaa karibu anasikiliza, na haya ni ya kwako kwanza.

Unakumbuka siku mjomba wako aliponipigia kwamba bibi yako amefariki. Nilikwenda kwa Madam Paskalina, mwenye karakana hii ya sweta, nimeshajifunga kanga. Nikamwambia mama yangu mzazi amekufa, naomba siku nne nikamzike. Alikuwa anakunywa chai. Hata kikombe hakukiweka chini. Akasema, "Mama Neema, maiti haiamki kwa kutazamwa. Sweta za Sista wa shule ndizo zinasubiriwa. Ukitoka geti hilo, usirudi."

Wenzangu wakainamia mashine zao. Na mimi, mwanangu, nikarudi kukaa. Nilifikiria unga wenu, nikakaa. Mama yangu akafukiwa na watu wengine, mimi nafuma mikono ya sweta. Siku ile nikasema moyoni, huyu mwanamke nitamlipa, Mungu atanisamehe baadaye.

Sikumwekea sumu, usiogope. Nilinyamaza tu.

Sikiliza. Uzi tunaofumia hautoki kwa kondoo. Unaitwa akriliki. Fundi aliyekuja kutufungia mashine alitueleza kwamba unapikwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, ni ndugu yake plastiki. Wanausukuma kwenye vitundu vidogo kuliko vya chujio la chai, zinatoka nyuzi nyembamba, wanazikata na kuzisokota, mpaka ukishika utaapa ni manyoya. Ni mwepesi, una joto, rangi haitoki, nondo hawautaki. "Lakini moto ndio adui yake," akasema. "Ukiupiga pasi ya moto unakufa, na ukifa haurudi." Madam hakuwepo, alikuwa saluni. Yeye ametokea kwenye kushona sare za pamba, anaamini kila nguo ni pasi.

Basi, sweta za shule zikaisha, magunia mawili, rangi ya damu ya mzee. Sista anayesimamia shule akasema atazichukua Jumatatu mbele ya wazazi. Jumamosi Madam akatoa pasi yake mpya ya mvuke. "Nataka zinyooke, Sista ashangae." Akaniita. "Mama Neema, pasi iwe ya moto sana au kidogo?"

Neema, alinipa nafasi, nakiri. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikamwona bibi yako. Nikasema, "Madam ni wewe. Mimi si unaniitaga mkono wa shamba?" Akacheka, akaweka ya moto sana. Alipiga siku nzima huku anaimba. "Ona zinavyong'aa!"

Jumatatu zilikuwa zimelegea kama utumbo wa mbuzi. Sista akamvalisha mtoto mmoja: mikono ikapita vidole, shingo ikaangukia begani. Mzazi mmoja akauliza, "Hee, Madam, hii ni sweta au kanzu ya padri?" Watu wakaangua kicheko. Sista hakucheka. Akasema oda imekwisha, na ya mwaka ujao nayo imekwisha.

Madam akanivuta pembeni. "Mama Neema, wewe unaujua uzi. Tuzifue? Tuziloweke maji baridi? Fanya kitu, nakuomba."

Nikamtazama vile alivyonitazama siku ile ya msiba. "Madam, maiti haiamki kwa kutazamwa."

Akaelewa. Niliona alipoelewa. Chai niliyokunywa jioni ile, mwanangu, utamu wake sijauonja tangu msiba.

Amenifukuza, ndiyo. Madam simjutii. Wale watoto ndio wananiuma, maana baridi ya huku inashuka na ukungu kutoka msituni. Nilimwendea Sista nikamwambia yote, hata kunyamaza kwangu. Hakunipa pole wala kazi. Alisema, "Ungeweza kusema neno moja." Nikamjibu, "Hata yeye angeweza."

Barua hii nimempa dereva wa lori pamoja na sweta ya kijani. Ni ile niliyomwahidi bibi yako, ikachelewa. Ivae wewe. Usiipige pasi, usiianike karibu na mafiga, na Petro akiivaa asisogelee moto kabisa. Uzi huu ukishika moto unayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nisikie kwa hili, hata kama kwa mengine unaona mama yako amekuwa mbaya.

Msalimie baba yako, mwambie asiniulize kitu mpaka nile. Msalimie mjomba wako aliyeshika jembe mahali pangu. Na shangazi yako pia, najua anasoma juu ya bega lako.

Wiki hii ikiisha nakuja, gari likipatikana. Msije kunipokea. Nikishuka nitapita kaburini kwanza, nimweleze mama yangu nilikuwa wapi siku ile.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama Neema