Mguu wa Kushoto Umestaafu

S.L.P. 318,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Mwembamba,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo, na watoto wanaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulikuwa unakohoa, ukadai ni vumbi tu la ghalani. Mimi ni muuguzi, mdogo wangu, na vumbi halimkohozi mtu wiki tatu mfululizo. Nenda ukapimwe, kisha uniandikie walichokuambia bila kunipunguzia hata neno.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, presha yake imeshuka, na bado anagombana na redio kila taarifa ya habari inaposomwa. Shemeji yako anafundisha darasa lile lile na kulalamikia chaki zile zile. Goti langu limepona kwa kiasi chake. Linakunjika, linanipeleka sokoni na kunirudisha, ila halitaki kukanyaga kitu kwa nguvu. Daktari ameshanieleza kwamba halitarudi kuwa la zamani, nami nimekubali.

Sasa habari unayoisubiri. Giaboksi ya otomatiki uliyonitumia ilifika, imefungwa, inafanya kazi, na mimi nimerudi kwa wagonjwa wangu. Nimeanza na mwisho kwa makusudi, maana nakujua: ukipata barua unarukia chini kwanza kuona kama kuna msiba. Hakuna. Kaa kitako usome taratibu.

Kwenye simu sikukwambia hali ilivyokuwa mbaya. Unajua kazi yangu ya miaka kumi na saba ni kuzunguka na gari kwa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, kuwasafisha vidonda na kuwabadilishia bandeji. Baada ya upasuaji wa goti nilishindwa kukanyaga klachi, na bila klachi lile gari la Baba ni banda la kuku tu. Matroni, ambaye ndiye mkuu wetu, akanipa muda hadi mwisho wa Julai. Siku moja angepanda nami aone naendeshaje. Akiridhika, narudi njiani. Asiporidhika, nabaki chumba cha kadi kupanga mafaili mpaka nistaafu.

Nilikaa kwenye chumba hicho wiki saba. Hakina dirisha, na mwenzangu wa humo anatafuna karanga kutwa nzima. Wagonjwa wangu waligawiwa wauguzi wengine, nami kazi yangu ikawa kuandika majina yao juu ya majalada. Nililia humo mara mbili. Wa kuambiwa ni wewe tu, na usimwambie Mama.

Najua ulinishauri niliuze gari ninunue la otomatiki, na kwa akili za kawaida ulikuwa na haki. Lakini kila aliyekuja kulitazama aliuvuta ule mlango wa Baba badala ya kuuinua kwanza ndipo aufungue, nikawa naona kama mtu ananivunjia nyumba. Niliwaaga wote kwa adabu. Asante kwa kutonibishia, na asante kwa kuzunguka huko kwenye magari yaliyokufa mpaka ukapata ndugu wa gari letu.

Tena nina maneno ya kumeza. Uliponiandikia kwamba huko unaendesha otomatiki, nilikucheka. Nilisema huendeshi, unapakiwa. Nilisema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba mtoto wa dereva hawezi kukaa anasubiri gari lijifikirie lenyewe. Naomba radhi kwa yote, isipokuwa pale niliposema unashika usukani kama trei ya chai. Hilo bado ni kweli.

Fundi aliyeifanya kazi tunamwita Taratibu, na jina amelistahili. Nilidhani ni suala la kutoa giaboksi moja na kuweka nyingine, kama kubadili betri ya saa. Aliponisikia alicheka mpaka akaweka spana chini. Ilibidi atoe klachi yote na pedali yake, afunge lile dude la duara linalokaa mahali pake, apitishe mabomba ya kupoza oili mpaka kwenye rejeta, aunge nyaya za kompyuta ndogo uliyoiweka kwenye lile boksi (Mungu akubariki kwa kuikumbuka), na shafti akaipeleka kukatwa kwa sababu ilikuwa ndefu kidogo. Siku tisa. Nilimwazima vibakuli vyetu vya chuma vilivyochakaa, vile vya kuwekea vifaa vya kusafishia vidonda, akapanga bolti humo kwa mafungu. Ungeingia gereji ungedhani gari linafanyiwa upasuaji.

Siku ya kulijaribu alinipeleka kwenye uwanja wa nyuma ya gereji. Nikawasha, nikatia D, gia ya kwenda mbele, gari likaondoka lenyewe kwa upole na mimi nikaanza kutabasamu. Lilipofika kasi ya kubadilisha gia, mguu wangu wa kushoto, huo huo mgonjwa, ukainuka bila ruhusa kutafuta klachi. Ukakuta breki, maana pedali ya breki sasa ni pana kama sahani. Tulisimama ghafla, Taratibu akabusu dashibodi. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alishuka, akazunguka upande wangu, akaniuliza kwa upole kama nina bandeji. Nikampa. Akaufunga mguu wangu wa kushoto kwenye chuma cha kiti.

"Huu umestaafu, dada," akasema. "Usiuitie kazi tena."

Niliendesha hivyo pale uwanjani kwa siku mbili, mguu umefungwa, mpaka ukasahau. Kabla ya kunikabidhi gari alinionya jambo moja. Kwenye magari yaliyozaliwa otomatiki, alisema, ufunguo hautoki mpaka uwe umeweka P, ile gia ya kuegesha inayofunga magurudumu. La kwetu lina kitasa kile kile cha zamani cha kuwashia, kwa hiyo ufunguo utatoka popote gia ilipo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayeambiwa anawe mikono.

Basi ikafika siku ya Matroni. Unajua wanavyosema, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Yeye si mtu wa mazungumzo. Aliingia na jalada lake, akafunga mkanda, akatazama mbele. Niliendesha vizuri, mdogo wangu, wacha nijisifu. Kwenye foleni ya asubuhi, pale ambapo zamani goti lilikuwa linawaka moto kwa kukanyaga na kuachia, nilikaa nimetulia kama mgeni wa heshima. Kwenye mteremko mrefu gari lilitaka kukimbia kidogo, kwa sababu sikuwa na gia yangu ya pili ya kulishika, nikakumbuka Taratibu alivyonionyesha kuvuta mti wa gia mpaka 2. Likatii. Nikamwona Matroni anaandika kitu, na uso wake haukuwa mbaya.

Nyumba ya mgonjwa wa kwanza iko kwenye mteremko. Nilisimama mbele ya geti, nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikashuka. Matroni alibaki ndani anamalizia kuandika. Nikaenda nyuma kuchukua mkoba wa dawa, nikaubamiza mlango wa buti kama kawaida. Gari likaondoka.

Kosa lenyewe umeshalijua, kwa sababu ni kosa ambalo mtu aliyelelewa nyumba nyingine asingelifanya. Handbreki ya Baba ilikatika tukiwa watoto na haikutengenezwa mpaka anakufa. Sisi tulifundishwa kuliacha gari kwenye gia na kwenda zetu, na kwa gari lile la zamani gia ilikuwa inashika kweli. Taratibu ameifunga handbreki mpya, lakini mkono wangu haujui hata ilipo. Nililiacha kwenye D, nikaona nimeliacha kwenye gia. Otomatiki ukiizima kwenye D haishiki kitu. Tairi la mbele lilikuwa limeegemea kituta kidogo cha udongo, na kule kuubamiza mlango wa buti ndiko kulikolivusha.

Nilikimbia na goti langu hili, namwambia Mungu nini, mwenyewe sijui. Gari lilikuwa linateremka polepole, na Matroni amekaa wima ndani yake, jalada kifuani, anatazama mbele vile vile. Hatua kama thelathini. Chini kuna mtu anajenga, ameweka rundo la mchanga kando ya barabara, na gari likaingiza pua humo likatulia. Hakuna aliyeumia. Hata taa haikuvunjika. Lakini nilichoona mbele yangu ni kile chumba na zile karanga.

Matroni alishusha kioo.

"Nini kimetokea?"

Mdogo wangu, nikwambie ukweli, uongo ulikuja mdomoni wenyewe. Nilikuwa na watu wawili wa kuwasingizia: Taratibu aliyefunga, na wewe uliyetuma. Ningesema giaboksi imefyatuka, nani angenibishia? Angenipa mwezi mwingine nikalitengeneze. Lakini nilimwona Taratibu amepiga magoti anafunga mguu wangu kwa bandeji, na wewe unachakura kwenye vyuma huko kwenye baridi, nikashindwa.

"Gari halina kosa, Matroni," nikasema. "Nimesahau kuweka P na sikuvuta handbreki. Nimefanya kwa mazoea. Kosa ni langu."

Alitazama rundo la mchanga, kisha akanitazama mimi. 

"Kwangu wodini dripu hujifunga zenyewe," akasema, "na vidonge hujisahau vyenyewe mezani. Huwa nauliza mara tatu ndipo mtu akumbuke kwamba alikuwepo. Wewe sijakuuliza hata mara mbili." Akafungua jalada. "Lisijirudie, utafanyaje?"

Nikamwambia: mguu kwenye breki, P, handbreki, ndipo nizime, na nisishuke kabla ya kusema yote matatu kwa sauti. Akaniambia niandike kwenye kitabu cha makosa tukirudi, kwa mwandiko wangu, na nitie sahihi. Halafu akasema wagonjwa wanasubiri. Yule mjenzi na wenzake wakatusukuma tukatoka mchangani, na Matroni akarudi kwenye kiti kile kile, akafunga mkanda. Hapo ndipo nilipojua. Nilishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Juni. Tulimaliza wagonjwa wanane, kila geti nikisema matatu yangu kwa sauti kama anayesali, na jioni akatia sahihi.

Shemeji yako alipopata habari alicheka kwanza, kisha akanishika mkono. Mama alisema alijua tu, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

Nimalizie na Jumatatu, siku yangu ya kwanza ya kurudi peke yangu. Kuna mgonjwa wangu mmoja, mzee fundi cherehani, ana kidonda cha mguu cha miaka mingi. Huyu katika wiki zile saba aliwasumbua wenzangu sana, anawakatalia wasimguse, wengine wakaacha kwenda. Niliingia kwake saa nne nikamkuta amegeukia ukuta, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

Nikamsalimu. Akageuka polepole, akanitazama muda mrefu.

"Waliniambia utarudi leo," akasema. "Nimetega sikio tangu asubuhi. Sikusikia unavyokwaruza gia pale kona, nikajua wamenidanganya."

Sikuwa najua, mdogo wangu. Miaka yote hiyo nilidhani namkuta mguu umefunuliwa kwa sababu ni mtu wa ratiba. Kumbe alikuwa ananisikia naingiza gia ya pili, anaanza kujiandaa. Niliketi kitandani kwake nikashindwa kufungua mkoba. Machozi yalinitoka, naye akajifanya hayaoni, akatazama cherehani yake. Baadaye nikamweleza kwamba gari sasa halina kelele. Akafikiri, akaniomba niwe napiga honi nikifika kona. Napiga mara mbili. Tangu siku hiyo nikifungua mlango nakuta mguu umeshafunuliwa, na maji ya moto yako kwenye beseni.

Mama anakusalimu, anasema utume picha ya watoto wakiwa wamesimama wima, zile za kulala kwenye nyasi hazioni vizuri. Shemeji yako anakusalimu. Wapwa zako wanauliza mjomba atakuja lini, na yule mkubwa anataka kujifunza gari. Nitaanza kumfundisha la klachi kwa jirani, kisha hili. Taratibu naye anakusalimu ingawa hakujui; anasema aliyeifunga ile giaboksi kwa magunia ndani ya boksi ni mtu mwenye adabu. Nisalimie wifi yangu kwa moyo wote, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, aibariki mikono yako kwa ulichonifanyia, na atukutanishe tukiwa wazima, Mama akiwepo.

Ni mimi dada yako ninayekupenda leo kuliko jana,

Dada Mkubwa