Kiroboto Ana Neno Lake, Mke Hana

Dada Phanice, mimi husoma majibu yako gazetini, pole kukusumbua, naomba unishike mkono kabla sijaenda kwetu Myanga, maana nguo za mtoto nimeshazipanga kwa begi na moyo unanichoma. Mimi ni mama Ivy, tunaishi Kitale na mume wangu Kibiwott, fundi wa redio, mtu mpole, lakini siku hizi anatunga hadithi ya watu ambao hawako duniani, wanaitwa Warara, wanaishi ndani ya mlima, na amewatungia lugha yao, ati wana neno la jiwe, wana neno la ukungu, hata kiroboto ana neno lake, nikauliza mke wanamwitaje, akakuna kichwa akasema hilo bado halijakuja. Nilicheka tu, lakini sasa kuna msichana anaitwa Tabby, anasoma chuo cha Kibabii, ndiye atakuwa sauti ya malkia wakiirekodi watu wasikilize kwa simu, na wanaongea hiyo lugha wanacheka, mimi niko hapo na sufuria ya uji sielewi kitu.

Jumapili tumetoka kanisani simu ikalia, akaiweka spika, nikasikia, "Rara, Kibi, rara."

Dada, hilo neno ni langu! Sisi wa Bungoma ulimi hugeuza l ikawa r, lala inakuwa rara, nikimbembeleza Ivy nasema "rara, mama, rara", na tukiwa wachumba Kibiwott alikuwa anacheka ananiambia, "Hebu sema tena."

Nikamuuliza, "Huyo ni nani?"

"Si ni malkia tu."

"Malkia wa wapi?"

"Wa Warara, bana! Rara ni kwaheri yao."

Sasa sijui wananicheka ama amempa kitu changu. Nampenda. Niende ama nibaki?

Edinah, Kitale

Dada Phanice anajibu: Edinah, weka begi chini kwanza. Nimecheka, halafu nikakuonea huruma, kwa sababu wivu wako wote ni wa mdomo wako mwenyewe! Mwanamume ametunga taifa zima, akatafuta neno tamu la kuagana, akalipata wapi? Kwa mama anayebembeleza mtoto. Hata jina la hao watu limetoka kwako, na wewe umekaa hapo unasikiliza kicheko cha msichana wa watu.

Lakini Kibiwott naye amekosa, na akisoma hapa asikie: neno la nyumbani kwenu hulitoi nje bila kumwuliza mwenyewe. Na hiyo "Kibi" ikome.

Leo akirudi, akishakula, mwambie wazi kwamba uliumia. Usinune, sema. Halafu Tabby aje kwako, anywe chai yako, umfundishe wewe malkia anavyotamka, maana yeye anaigiza tu, mwenye lugha ni wewe. Myanga utaenda Desemba kumsalimia mama, na mume wako amebeba begi.

Na lile neno la mke, mwambie aache kukuna kichwa. Utalitoa wewe, na r zake asiziguse mtu.