Waongozaji Wawili na Picha ya Dada Minza

Mbezi, Dar es Salaam

Dada yangu Minza,

Mwangaluka. Kabla ya kukuuliza hali naomba unisamehe. Mlipanda pamba, mkapalilia, na sasa nasikia mnachuma, nawe hujapata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu, na sababu yake utaisoma humu.

Goti linaendeleaje? Mwanao Masunga amekujengea jiko la nje kama alivyoahidi, au bado unapikia ndani?

Sisi hapa kwa binti yangu Kabula ni wazima, isipokuwa joto. Nilikwambia kwamba nimepata kazi katika kampuni ya filamu, ya kusoma miswada na kurekebisha lugha. Sikukwambia kwamba ni filamu za kutisha. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, kutwa nzima natazama misukule na makaburi yanayofunguka. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Kampuni ina waongozaji wawili, na safari hii itatengeneza filamu moja tu. Wakubwa waliniagiza nitazame kazi zote za hao wawili, nzuri na mbovu, kisha niandike taarifa ya kusema nani apewe.

Wa kwanza ni Sudi, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi. Damu yake ni juisi ya rozela, na jini lake limevaa soksi zenye mstari wa kijani. Nimeziona mimi mwenyewe. Filamu yake mbovu kuliko zote inahusu mamba anayeishi katika tangi la maji la nyumba ya kupanga. Chini ya tumbo la mamba unaona kabisa magoti ya mtu. Nami nakasirika, kwa sababu hiyo ndiyo inayopendwa. Katika vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, watu wazima wanairudia mara kumi, wanayasema maneno kabla ya mwigizaji, na mamba akitokea wanamshangilia. Nilimuuliza Sudi kama haoni haya. Akanijibu, "Mwalimu, mamba wangu akigombea udiwani, anapita bila kupingwa."

Filamu yake bora wengi hawaijui. Familia inasikia mtu akitwanga ndani ya chumba kilichofungwa, basi. Hakuna jini wala soksi. Nilipomsifu kwa hiyo, alinuna. Anasema aliitengeneza hivyo kwa sababu kinyago kilipotea.

Wa pili ni Rehema, mama mtulivu wa Dodoma, naye ni fundi wa kweli. Filamu yake dhaifu ni ya bibi harusi aliyekufa. Humo aliogopa kimya na kujaza ngoma kila mahali. Lakini ile bora, dada, ilininyima usingizi. Mgeni anafika jioni katika nyumba, anakaribishwa, anakaa. Kila mmoja nyumbani anadhani ni mgeni wa mwenzake. Hakuna anayemuuliza jina, na kila asubuhi sahani zinazoandaliwa zinapungua kwa moja. Damu humo hakuna hata tone. Kama ningekuwa nasahihisha mitihani, ningempa Rehema alama ya kwanza na kufunga daftari.

Sasa soma kosa langu. Rehema aliniletea mswada wake mpya. Unahusu kikongwe wa Usukumani mwenye macho mekundu, anayewala watoto wa kaka yake. Nilikasirika. Nilimweleza kwamba macho hayo ni ya moshi wa miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, kwamba mwanamke aliyeinamia mafiga miaka hamsini hawezi kuwa na macho mengine. Basi, ili aelewe, nikatoa picha yako kutoka katika Biblia yangu, ile uliyopigwa ukisonga ugali. Aliishika kwa muda mrefu. Akasema taratibu, "Mwalimu, ndiye huyu."

Nilidhani amenielewa.

Wiki mbili baadaye mwanao Masunga alinipigia simu akiwa na furaha: watu wa filamu wamempata, watakuja Lagangabilili, na wewe utaonekana katika runinga. Namba yake waliitoa katika fomu yangu ya kazi, pale nilipomwandika kuwa ndugu wa karibu. Alisema ulicheka, ukauliza kama utaruhusiwa kuvaa kitenge chako kipya. Nikamuuliza umeambiwa utaigiza nani.

"Bibi wa kijijini, mjomba. Bibi tu."

Si bibi tu, dada. Ni mchawi, na uso utakuwa wako.

Nilimfuata Rehema. Akaniambia ni filamu, watu wanajua kutofautisha. Nikamkumbusha alivyojisifu mbele yangu kwamba baada ya filamu ya mgeni, mtaa mzima ulikataa kupokea wageni. Akasema mwishoni ataonyesha kwamba kikongwe hana hatia. Nikamjibu, "Mama, kibandani watu huondoka hofu ikiisha. Mwisho wako utautazama peke yako."

Hatujamsahau yule mjane jirani yetu, aliyeitwa mchawi kwa sababu ya macho yake. Alianza kwa kutoitikiwa kisimani, akamaliza kwa kuchomewa nyumba. Mpaka leo yuko Lamadi kwa mkwewe anaanika dagaa, na jina la kijiji chetu hataki kulisikia.

Sudi alipopata habari alinijia. "Nipe mimi hiyo hadithi, Mwalimu. Mchawi wangu hata kuku hawamkimbii." Alikuwa anatania, lakini kinachoniudhi ni kwamba amesema kweli. Kikongwe wa Sudi angechekwa. Kikongwe wa Rehema ataaminiwa, kwa sababu Rehema anaijua kazi yake. Na ukikataa wewe, atampata mwingine. Macho ya namna hiyo yamejaa wilaya yetu nzima ya Itilima.

Kwa hiyo taarifa yangu ndiyo kizuizi pekee, nami sijui niandike nini. Sijawahi kumpa mtu alama isiyo yake. Masunga mwenyewe nilimfelisha darasa la saba, na wewe ukakaa msimu mzima bila kusema nami. Leo niandike kwamba mamba mwenye magoti ni bora kuliko mgeni yule?

Wakija, usiwakaribishe kwa ajili yangu wala usiwafukuze kwa ajili yangu. Sasa unajua wanachokitaka. Jibu ni lako. Masunga mwambie asikujibie.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie dawa ya mifugo bado naitafuta. Msalimie mke wa Masunga na wale mapacha, na mchungaji wetu, ambaye tafadhali usimwambie ninatazama nini.

Taarifa inatakiwa Ijumaa. Nimekwisha kuandika kurasa sita za sifa na makosa ya wote wawili. Mahali pa jina ni patupu. Siku nitakapopajaza nitakaa nikuandikie ni jina gani, hata kama litakuwa la kunitia aibu.

Mdogo wako,
Lugata